Aliyemzika Mama Akiwa Hai

Wajomba zangu walifika Majengo asubuhi, mashuka ya msibani mabegani na jogoo wa matanga amefungwa nyuma ya baiskeli, wakamkuta marehemu anapepeta mchele uani.

Mama alisimama na ungo mkononi. Mjomba mkubwa alikuwa ameanza kulia tangu kwenye reli, na kilio kilipofika hakikujua pa kwenda. Kikamtoka hivyo hivyo mbele ya dada yake mzima. Mjomba mdogo alitoa karatasi mfukoni akanipa. Lilikuwa tangazo la ofisini kwetu, limechapwa na mashine yetu, limebanduliwa gulioni Majimoto: Romana wa Majengo amefariki, mazishi kesho, ndugu wote mfike. Chini yake jina langu, Yohani Lyamba.

Sikuliandika mimi.

Mwaka ule wa 1999 shirika letu lilikuwa na kompyuta chache zilizounganishwa kwa nyaya, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Mtaalamu mmoja mgeni alituachia programu ya matangazo. Unafungua ukurasa kwenye skrini, unaandika habari yako, unajaza jina lako kwenye kisanduku, unabonyeza. Jioni tunachapa yote, na lori la mchele linayapeleka Majimoto na Mishamo yakasomwe kwa sauti: chanjo ya ng'ombe, mkutano wa wakulima, msiba. Kile kisanduku cha jina hakikuuliza swali. Ukijaza Yohani, wewe ni Yohani. Ukijaza Mfalme Sulemani, lori linaondoka na salamu za Mfalme Sulemani.

Wajomba walikula yule jogoo wakarudi kwao. Mama alibaki na kifo chake. Sokoni walimwita marehemu, wakamuuliza huko alikotoka mchele unauzwaje. Mwanzoni alicheka nao. Kisha watoto wakaanza kumkimbia njiani, na mwanamke mmoja wa jumuiya yake ya kanisa akakataa kupokea maji mkononi mwake. Mama akaacha soko, akaacha jumuiya, akawa anakaa ndani mlango umerudishwa.

"Mtu akishaliliwa amebakiza nini mjini?" alisema. Nikamwambia nitamnunulia hiki na kile. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, nataka kumwona aliyenizika. Asimame hapo mlangoni, anitazame."

Nilimwapia kwamba atamwona.

Ofisini walicheka. Macho yote yalimwendea Shadrack, bwana mifugo wetu, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mfipa, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na utani wake ulikuwa mzito: aliwahi kuingia kwetu akabeba chungu cha maharage kikiwa bado jikoni, na Mama akamsindikiza kwa matusi na vicheko. Shadrack alisema hajui lolote. Nani amwamini? Yotham, bwana mipango, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba huo ni utani tu, na tangu lini Mfipa akamkasirikia Mnyamwezi? Mama Lucia, mkuu wetu, akashika hilo hilo. Utani ni utani, akasema, turudi kazini.

Niliuliza, "Utani wa nani?"

Wakarudi kwenye meza zao. Ndipo damu yangu ilipochemka. Mtani anakutukana usoni, jina lake mdomoni mwake, na wewe unajua kesho utamlipa vipi. Anayetukana akiwa amevaa jina lako si mtani. Huyo ni mwizi, na mwizi hana mtani mahali popote.

Basi nikaamua kuijengea programu ile mlango. Yule mtaalamu alikuwa ameacha kitabu kinene. Nilikisoma kama mtu anayenoa panga. Mama Lucia alisita mpaka nilipomuuliza atafanya nini siku tangazo litakapotoka kwa jina lake. Siku hiyo hiyo akaniambia niendelee.

Kila mtu alikuja peke yake kuchagua neno la siri. Tangu hapo hakuna aliyejaza jina kwa mkono: unabisha hodi kwa neno lako, na mashine yenyewe inaligonga jina lako chini ya tangazo. Yale maneno sikuyaweka wazi. Programu iliyaponda kama karanga kinuni, na karanga iliyopondwa hairudi kuwa punje, hata kwa aliyeshika mchi. Lakini kulikuwa na jambo moja sikumwambia mtu. Kila aliyebisha kwa neno lisilo lake, programu iliweka kumbukumbu ya jina aliloliita na kompyuta aliyoitumia.

Shadrack alipokuja kuchagua neno lake alizunguka meza akitazama skrini. "Mtani, nyie Wafipa mnapenda milango. Kwenu mna nini cha kuibwa, zaidi ya yale maharage?" Sikucheka. Wakati huo nilimwona maiti anayetembea.

Mlango ulipokamilika nikaweka chambo. Kwetu mtani ana haki yake msibani: anakuja kufanya vituko, analala pale palipochimbwa kaburi, na haondoki mpaka apewe chake. Nikaandika tangazo kwa jina langu halisi: familia ya Romana ina mbuzi wa mtani. Aliyetuletea msiba ule aingie kwa neno lake, aandike adai haki yake. Atapewa, na hakuna atakayemgusa. Asipodai kabla ya Jumamosi, huyo hakuwa mtani bali adui, na tutamtafuta kama adui.

Nilijua Shadrack hataacha mbuzi. Nikangoja. Hakudai. Alhamisi, kabla hajapanda lori kwenda Majimoto kwenye chanjo, alinijia, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mtani, ningekuwa mimi, ningekuja kwenu siku ile ile nikajigaragaza mlangoni, na huyo mbuzi ningekuwa nimeshamla. Mimi nikimzika mama yako nitamzika mchana, watu wote wakiniona."

Aliondoka, nami nikabaki na chuki isiyo na mwenyewe.

Mchana ule ule, lori likiwa bado Majimoto na Shadrack akiwa huko huko, mtu alibisha kwenye ule mlango wa programu akijiita Shadrack. Neno likakataa. Akajaribu jingine, na jingine, mpaka akachoka. Nilifungua kumbukumbu nikasoma. Kompyuta ilikuwa ya chumba cha Yotham.

Yotham, Mfipa mwenzangu wa Sumbawanga, mtu pekee pale ofisini mwenye chumba chake, kiti chake cha kuzunguka, na ufunguo ambao hakuwahi kumwachia hata mfagiaji. Alitaka mbuzi adaiwe kwa jina la Shadrack, kesi iishie kwa mtani. Na sababu ya kunichukia niliijua papo hapo. Kwenye sherehe ya kumuaga yule mtaalamu nilikuwa nimemtungia Yotham beti, na watu walizishika:

*Kiti kinazungushika, mwenye kiti hageuki;*
*Funguo anazishika, hekima haifunguki.*

Alicheka pamoja nao siku ile, kisha akaenda kumzika mama yangu. Angekuwa mwanaume angenijibu kwa beti.

Nilimsubiri Shadrack arudi. Kesho yake nikaomba kikao kwa Mama Lucia, nikasoma kumbukumbu mbele ya wote. Yotham alisema mlango nimeujenga mwenyewe, naweza kuufanya useme nitakacho. Mama Lucia hakubishana naye. Alimuuliza tu ni nani mwingine mwenye ufunguo wa chumba chake, na Yotham, kwa mazoea ya miaka, akajibu haraka kwamba hakuna. Kisha akasikia alichojibu. Akasema basi, ni kweli alijaribu, alitaka kumsaidia Shadrack kudai mbuzi wake.

"Nilikutuma?" Shadrack aliuliza.

Yotham alitazama kiatu chake. "Jamani, mnakuza jambo. Ulikuwa utani."

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri tangu wajomba wafike na jogoo.

"Wewe ni Mfipa, mimi ni Mfipa," nilimwambia. "Utani na mimi uliupata wapi?"

Hata Mama Lucia hakuwa na pa kumfichia. Aliniuliza ninataka nini. Angeweza kumfukuza, lakini mimi sikutaka afukuzwe, maana mtu akifukuzwa anakwenda mji mwingine na jina safi. Nilimpeleka Yotham kwenye mashine yangu, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia aingie kwa neno lake. Alipoliandika niligeuza uso. Mlango niliujenga mimi, na sheria yake ilinibana na mimi. Kisha nikamtamkia, naye akaandika: Romana wa Majengo yu hai. Aliyemtangaza amekufa ni mimi. Mashine ikamalizia yenyewe kwa kugonga jina lake, Yotham, herufi zote.

Lori likabeba tangazo lile kwa njia ile ile iliyobeba uongo. Majimoto wakalisoma kwa sauti, na Mishamo pia.

Jumamosi Shadrack alikuja kwetu kuchukua mbuzi. Nilimpa kwa mikono miwili. Mtani aliyesingiziwa anadai kuliko mtani aliyekosa. Aliongoza njia akiimba kilio cha uongo, mbuzi mkono mmoja, mkono mwingine ameshika shati la Yotham, na Majengo nzima ilitoka nje. Akamsimamisha mlangoni.

Mama alitoka. Alimtazama Yotham kwa muda mrefu, kama anayetafuta chawa kwenye mshono. Yotham akapiga goti, akaanza kuomba radhi. Mama akaninyooshea mimi karatasi ya lile tangazo jipya.

"Soma," alisema.

Nikasoma kwa sauti, majirani wakisogea karibu.

"Pale chini. Soma tena pale chini."

Nikasoma jina. Akanitaka nirudie. Nikarudia mpaka watoto wakaanza kuitikia pamoja nami, Yotham akiwa bado amepiga magoti vumbini. Hapo Mama akachukua gunia lake la mchele, akajitwika, akampita kama mtu anavyopita kisiki, akaenda sokoni.