Meno Yaliyokwenda kwa Viskacha

Don Eleuterio Baigorria hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Kisu chake alikuwa nacho tangu jeshini, na kofia yake ilikuwa na umri wa kupiga kura. Lakini Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, aliyavua meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, akayaweka juu ya kisiki kando ya kibuyu cha yerba, chai ya majani inayofyonzwa kwa mrija, kisha akajinyoosha chini ya mti wa mkalden apumzike nusu saa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameamka alfajiri kumzalisha ng'ombe, mbuzi wa kuchoma alikuwa amenona, na chupa ya divai aliionea huruma kuiacha nusu. Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshazama. Kibuyu kilikuwa kimelala ubavu, mrija wake wa fedha haupo. Na meno hayapo.

Angekuwa mtu mwingine, angecheka. Yeye alikaa kwenye nyasi akiwa ameshika mashavu.

Jumapili alikuwa amealikwa chakula kwa donya Ofelia, jirani yake ng'ambo ya waya wa mpaka, mjane kama yeye. Na Jumatatu Ofelia alikuwa anahamia mjini Santa Rosa kwa binti yake. Masanduku yalikuwa tayari yamefungwa, yamepangwa ukumbini. Kwa miaka minne Eleuterio alikuwa amebeba sentensi moja kifuani. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya farasi, mbele ya kioo, hata mbele ya kuku, ambao walau walisimama kusikiliza. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuitoa. Sasa nani anaposa kwa fizi? Fundi wa meno mjini, ukimbembeleza sana, anataka wiki tatu.

"Mbweha," alimwambia mjukuu wake Zulma alipoingia jikoni. "Mbweha ameyachukua."

Zulma alikuwa nyumbani kwa likizo. Chuoni alikuwa akisomea wanyama. Alimtazama babu yake mdomo ulivyobonyea, akauma kitambaa cha vyombo ili asicheke, akashindwa.

"Mbweha ana yake, babu. Ya kwako ayapeleke wapi, arusini? Hao ni viskacha."

Eleuterio hakubisha. Huko nyikani mtu akipoteza kitu hapigi ramli. Anakwenda kuangalia kwenye mashimo ya viskacha. Ni panya kwa ukoo, ila panya aliyekula akashiba mpaka akawa na ukubwa wa mbwa mdogo, uso wa mistari myeusi na myeupe, na dume lake lina masharubu ya polisi mstaafu. Kutwa anashinda chini ya ardhi na shangazi zake wote, jioni anatoka kula majani, na kila kigumu anachokikuta njiani, mfupa, kijiti, chupa, anakibeba kwa mdomo hadi mlangoni kwake na kukirundika. Faida yake? Mpaka leo hajamwambia mtu.

"Halafu sikiliza, babu," Zulma alisema, akimkorogea supu. "Meno ya viskacha hayaachi kuota. Anazaliwa yanaota, anakufa yanaota. Asipoguguna kila siku yanamzidi."

"Basi haya yangu alitaka ya nini?"

"Ya akiba."

"Cheka tu. Ndiyo dunia. Mwenye nacho huongezewa."

Ijumaa asubuhi walikwenda kwenye mashimo ya karibu, yale ya nyuma ya zizi. Uwanja wa mbele ulikuwa mtupu, majani yameliwa mpaka ardhi ikang'aa, na juu ya kila kichuguu kulikuwa na rundo: mifupa ya ng'ombe, mashina ya michongoma, mavi makavu, kiatu cha farasi. Bundi mmoja mdogo, mpangaji asiyelipa kodi, alisimama mlangoni akawatazama kama wadai. Eleuterio alifukua rundo la kwanza, la pili, na katika la tatu akatoa koleo lenye kutu. Alilitambua.

"Hilo si lile ulilosema rafiki yako Lisandro amekuibia?" Zulma aliuliza. "Lile lililokufanya usimsalimie miaka kumi na moja?"

"Nyamaza."

"Utamwomba radhi?"

"Nikipata meno. Radhi ina herufi zinazotaka meno."

Meno hayakuwamo. Basi mzee akaenda kuchukua sepetu. Kama hayako nje, yako ndani, na yeye atachimba mpaka ayafikie. Zulma alisimama katikati ya yeye na shimo.

"Babu, hawaingizi kitu ndani. Mali yao yote iko barazani, kama ya mwanasiasa. Na hii nyumba ina umri mkubwa kuliko yako. Mabibi wa mabibi wa hawa walizaliwa humu humu. Ukiivunja, utapata mchanga, na bundi atakulaani."

"Sasa tufanyeje? Kuna mashimo hapa, kuna ya kisima kikavu, kuna ya..." Mashimo ya tatu yalikuwa ng'ambo ya waya, kwa Ofelia.

"Kila ukoo unapeleka kwake. Hawachanganyi. Kwa hiyo tuwaulize wenyewe ni akina nani wanaopita kwenye kisiki chako."

Aliwauliza kwa vijiko. Alichukua vijiko vitatu vya babu yake, akavipaka rangi nyekundu ya kucha, akavipanga juu ya kisiki pale pale. Jua lilipoanza kushuka, wawili hao walijificha nyuma ya mkokoteni wakanyamaza, jambo ambalo kwa Zulma lilikuwa kama kufunga mwezi mzima.

Dume ndilo lililotangulia. Lilisimama kwa miguu ya nyuma, likanusa upepo, masharubu yakicheza. Nyuma yake wakaja majike wawili, wadogo, wenye haraka ya njaa. Dume likafika kwenye kisiki. Likanusa kijiko. Likakipima kwa mdomo upande huu, upande ule, kisha likakibeba mshazari na kuondoka nacho kwa hatua za mhudumu wa hoteli ambaye hajapewa bahshishi. Macho ya Eleuterio yalilifuata: likapita mkalden, likapita birika la ng'ombe, likainama chini ya waya.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Kwa Ofelia."

"Angalau yamekwenda kuposa yenyewe," Zulma alisema, akapigwa kofia.

Usingizi ulimgomea. Jumamosi, kabla jogoo hajakamilisha wimbo wake, alipita chini ya waya kwa tumbo, peke yake, akiomba Ofelia awe bado kitandani. Kijiko chekundu kilikuwa juu ya rundo kubwa kabisa, kinang'aa. Chini yake aliupata mrija wa fedha. Alipiga magoti, akaanza kutupa mifupa huku na huku kama mbwa aliyesahau alipozika.

"Don Eleuterio. Umepotelewa na nini?"

Ofelia alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maziwa. Mzee aliruka, akashika kofia, akajifunika nayo mdomo.

"Hiyo kofia inaumwa na jino?"

Alitikisa kichwa. Akataka kusema amepita tu, lakini kofia ilimeza maneno.

"Sikusikii. Toa hiyo kofia, mimi si askari."

Akaishusha. Uso wake ulikuwa umejikunja kama mfuko uliovutwa kamba. Alimngoja acheke. Ofelia hakucheka, alisubiri tu, ndoo mkononi. Na hapo Eleuterio akaona kwamba aibu yote aliyokuwa akiikimbia tangu Alhamisi imeshafika, imeketi, na hakuna kilichobaki cha kulinda.

"Ofelia," alisema, na upepo ukapita kila palipokuwa na jino. "Usiende Santa Rosa. Baki. Nataka tuzeeke pamoja."

Mahali fulani chini ya miguu yao mnyama alikoroma.

"Rudia," Ofelia alisema.

Akarudia, kwa sauti zaidi, mate yakiruka.

"Mara ya tatu sasa."

"Hukusikia?"

"Nilisikia tangu ya kwanza. Miaka minne nangoja, unataka niridhike na mara moja?" Aliweka ndoo chini. "Na wewe, unadhani sijui? Hayo meno yanagonga ukicheka, kama farasi juu ya mawe. Kwa nini kila ukija napika boga na nyama inayoyeyuka? Ulidhani mimi ndiye nisiyeweza kutafuna?"

Alisogeza mashina mawili ya michongoma kwa ncha ya kiatu, akainama, akayaokota meno. Ya juu yalikuwa mazima. Ya chini yalikuwa yamegugunwa pembeni. Eleuterio akanyoosha mkono kuyapokea, akapigwa kofi dogo la vidole.

"Thubutu! Yamelala kwenye mavi siku mbili. Yachemshwe kwanza."

Zulma alipopita chini ya waya mchana, akiwa na wasiwasi wa kweli mara hii, alikuta sufuria inatokota jikoni na kicheko kinatoka ukumbini. Masanduku yote yalikuwa wazi. Babu yake, bado kibogoyo, alikuwa akipokea magauni moja moja na kuyatundika kabatini, huku Ofelia akiwa kwenye simu, akimwambia binti yake kwamba hapana, hajaugua, na kwamba kama anataka kumwona mama yake basi aje yeye, na aje na keki.