Kumi na Nane Kutoka Kwenye Reli

Mzee Eustace alikuwa amelala chali chini ya Land Rover ya misheni, nyuma ya nyumba yake pale Ipuli, tochi ameibana kwa meno. Geji ya mwendo ilikuwa imekufa tangu masika. Kwa mwaka mzima angaliweza kuiacha hivyo, maana dereva aliyekomaa huujua mwendo kwa mgongo wake; lakini wiki ile asingeweza.

Siku iliyotangulia alikuwa ameitwa na Masele, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa walikohamishiwa watu wote waliokuwa wakikaa kando ya njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji.

"Mzee, Jumatatu trekta linaanza kusafisha pori kule mlikotoka," Masele alimwambia. "Shamba la tumbaku la kijiji. Penye kaburi lenye alama, dereva atazunguka. Pasipo alama, usinilaumu. Trekta halina macho."

Na kaburi la Pelagia, mke wake, halikuwa na alama. Walipomzika, nani angaliweka msalaba wa kumwonyesha mtu mahali ambapo kila mtoto alipajua? Lilikuwa nyuma ya nyumba, na kichwani waliweka jiwe lake la kusagia. Kisha ikaja amri ya kuhama. Paa ziliezuliwa, kuta zikalala, miyombo ikarudi kuchukua mahali pake. Sasa ukipita barabara ile, upande huu miti, upande ule miti, wala hakuna kinachomwambia mtu kwamba hapa palipikwa ugali.

Lakini Eustace alikuwa dereva wa shule ya zamani. Hakusema kamwe kwamba mahali fulani ni "mbele kidogo". Kila mahali alipajua kwa namba ya geji, na kwake palikuwa kumi na nane kutoka kwenye kivuko cha reli. Namba hiyo aliishika kama alivyoishika Baba Yetu.

Kutafuta ubovu wa geji ni kazi ya watu wawili. Gurudumu la nyuma huinuliwa kwa jeki. Mmoja hulizungusha, mwingine hukaa ndani akitazama kama mshale unatikisika. Miaka yote aliyekaa ndani alikuwa Pelagia, mikono yake ina unga.

"Unacheza?" Eustace angeuliza toka chini.

"Umelala kama wewe baada ya Misa."

"Na sasa?"

"Unacheza, Baba Raymundi! Unacheza!"

Raymundi mwenyewe, mwana wao wa pekee, alikuwa mbali, katika machimbo ya almasi, na alikuja pale alipokuja. Kwa hiyo Mzee alizungusha gurudumu, akanyanyuka akichechemea kwenda kutazama mshale, na kwa wakati huo gurudumu lilikuwa limekwisha kusimama, akarudi tena chini. Mwishowe aliacha mchezo huo, akafungua nati ya waya kwenye giaboksi, akauvuta. Waya wa ndani ulitoka kipande. Ulikuwa umekatika karibu na geji. Alipojaribu kuizungusha geji kwa vidole, ikagoma. Hapo akajua: geji ilikuwa imekwama, nayo ndiyo iliyoukata waya. Ukifunga waya mpya kwenye geji iliyokwama, utaukata na huo.

Alikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Abasi, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari mabovu.

"Shikamoo, Babu Eustace."

"Marahaba. Nataka waya na geji ya Land Rover."

"Bahati yako. Kuna moja ilipinduka, bado mpya mpya." Abasi alitoa geji iliyofutwa vizuri, na waya wake. "Ila Babu, hii ya kisasa, inabidi ujue kwamba..."

"Nijue nini? Nilikuwa nikifunga geji wakati wewe hujajua kufunga vifungo vya kaptula yako."

"Sikatai, lakini hii inahesabu..."

"Na ihesabu. Kazi yake ni kuhesabu."

Watu waliokuwa pale walicheka. Abasi naye akacheka, akainua mikono. "Haya, mwalimu wetu. Nenda salama."

Jumapili, baada ya Misa ya kwanza, Mzee aliweka msalaba wa mninga nyuma ya gari. Alikuwa ameuchonga mwenyewe na kulichoma jina kwa msumari wa moto. Kwenye kivuko cha reli alisimama, akairudisha namba ndogo ya safari kwenye sifuri, akashika njia ya magharibi. Mshale ulicheza vizuri. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, nacho kilitikisika zaidi kwa kukosa mtu.

Ilipotokea kumi na nane, alisimama. Miti. Kichuguu kikubwa. Aliingia porini, akatafuta jiwe la kusagia, akatafuta hata kigae kimoja cha chungu. Hakuona kitu. Alijiambia kwamba mchwa wamekula, mvua zimefukia. Namba haisemi uongo. Mwishowe alichagua mahali palipoinuka kidogo, akachimba, akasimika msalaba, akavua kofia.

"Mwangaluka, Pelagia," alisema, kwa salamu ya asubuhi ya nyumbani kwao. Alisali rozari yote. Alimweleza habari za Raymundi, ambazo zilikuwa chache. Upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani. Aliondoka akiwa mpweke kuliko alivyokuja, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kurudi, alikanyaga mafuta ili aifikie Misa ya jioni. Mshale ukapanda hadi sitini. Aliutazama, akautazama tena. Gari lile halikupata kufika sitini bila milango kugongana na kioo kulia. Siku ile lilitembea kimya kama linalopeleka maziwa. Mgongo wake ulikataa. Alisimama katikati ya barabara, akavaa miwani, akainamia geji. Chini ya mshale palikuwa na maandishi madogo ambayo hakuyasoma alipoifunga, kwa kuwa geji zote alizozifunga maishani zilihesabu maili. Hii ilihesabu kilomita.

Akilini aliuona mdomo wa Abasi ulioachwa wazi kwenye "hii inahesabu..." Alisema neno moja ambalo halisemwi siku ya Bwana, akageuza gari.

Msalaba aliukuta umesimama imara, ukilinda kichuguu. Aliung'oa kwa nguvu zake zote, akaupakia. Kisha akairudisha tena namba ndogo kwenye sifuri, akaendelea mbele, akipiga hesabu kichwani kama alivyofundishwa na mapadri, maili kuwa kilomita, kutoa kumi na nane alizokwisha kwenda, na geji ilipokaribia kumi na moja alipunguza mwendo. Kabla hata ya kusimama alikwisha kuujua ule mbetuko wa barabara ambao Pelagia alikuwa akishikilia kilemba chake kila walipouvuka.

Jiwe lilikuwepo. Lilikuwa limezama nusu, na ndani ya shimo lake la kusagia palikuwa na maji ya mvua na jani moja.

Alisimika msalaba, akaushindilia kwa mawe hadi mikono ikachubuka. Jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Salamu ya asubuhi alikuwa amempa mchwa.

"Mwadila, Pelagia," alisema, kwa salamu ya mchana. "Geji mpya. Aliniambia, sikumwacha amalize. Unanijua."

Alikaa hadi kivuli cha msalaba kilipolifikia jiwe. Kisha akarudi garini, akawasha, akaondoka polepole. Alitupia macho kiti cha pembeni, halafu geji. Mshale ulinyanyuka.

"Unacheza," alisema kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa lazima pawe na mtu wa kulisema neno hilo.