Kabati la Vitabu

Wodi ya wanawake ilijaa hadi sakafuni, na mama alilazwa kwenye godoro chini ya dirisha. Hapo ndipo mtandao uliposhika. Binti yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji, mgongo kampa mama. Kila pumzi zilipombana, mama alinyoosha mkono ainuliwe apate kupumua. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, naye hakuonekana.

Somo lilikuwa la mtandaoni, la pamoja kati ya chuo cha binti na chuo cha wenye nacho. Waliolibuni walikutana hotelini wakaweka sharti: ukizima kamera siku ya kuwasilisha, hukuhudhuria, usipohudhuria, umefeli. Na binti akifeli, ufadhili wake wa masomo unakatwa. Kamba hukatikia pembamba.

"Samahani, hebu subiri," mwanafunzi wa chuo kile cha wenye nacho akamkatiza binti alipoanza tu kuwasilisha. "Nyuma yako kuna watu wamelala chini?"

"Niko hospitali. Namuuguza mama."

"Pole sana, dada," mhadhiri akasema, kwa upole wa kweli. "Ila tuna wageni wanatazama. Weka picha ya kuficha nyuma yako, zipo humo humo kwenye programu. Halafu uendelee, sehemu ya uhaba wa vitanda ni yako."

"Mwalimu, naomba nizime kamera kidogo tu."

"Mfumo utaandika hukuhudhuria. Hapo hata mimi sina la kufanya."

Mfumo hauna mama. Akachagua picha ya kabati la vitabu, na wodi ikatoweka. Wenzake wakamwambia sasa amependeza. Akaanza kusoma: vitanda, wauguzi, dawa.

"Mwanangu," sauti ikaita nyuma yake.

Akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa, akashika shuka.

"Macho kwenye kamera, dada. Unakaribia kumaliza."

Kwenye simu, katikati ya vitabu, vidole vya mama vikachomoza, vikatafuta pa kushika, vikafutika. Vikachomoza tena, chini zaidi.

"Kuna kitu kinapitapita nyuma yake," mtu akasema.

"Mtandao huo," mwingine akajibu.

Akasoma hadi mwisho, na wageni wakapiga makofi. Alama ya kijani ikawaka kando ya jina lake: amehudhuria. Nyuma yake kabati lilisimama kimya, hakuna kitabu kilichotikisika, wala vidole havikuchomoza tena.