Uzee Endelevu

Katika ofisi ile ya kutetea haki za wazee hapakuwa na mzee hata mmoja. Si kwamba walikatazwa kuingia. Ngazi ndizo zilizowakataa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, lifti ilikufa zamani, na mzee aliyepanda kutafuta haki yake alifika mlangoni hana pumzi ya kuidai. Mkurugenzi alikuwa ameliona tatizo hilo. Aliliandikia ripoti nzuri sana, yenye picha za rangi.

Wafanyakazi walimwita Bwana Muktadha, kwa sababu hakuna jambo ambalo kwake halikuwa na muktadha. Chai ikichelewa, aliuliza muktadha. Mtu akifiwa, alimpa pole kwa kuzingatia muktadha. Alikuwa mtu mwema, wema ule wa kukuachia kazi yake Ijumaa jioni na kukutakia mapumziko mema.

Ijumaa moja aliingia chumbani kwa afisa ustawi, mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Kalamu, maana chochote kilichotakiwa kuandikwa kilimwangukia yeye, kuanzia ripoti za mwaka mpaka kadi za rambirambi.

"Kalamu, ule mkutano mkuu wa wataalamu wa masuala ya uzee, wameanza kupokea mapendekezo ya mada. Safari hii lazima tuwemo. Mwaka jana walitukataa bila muktadha."

"Walitoa sababu, bosi. Walisema hawakuelewa tunataka kusema nini."

"Si ndiyo hivyo? Hawakuwa na muktadha." Akaweka karatasi mezani. "Kichwa cha mada ninacho tayari. Wewe jazia tu."

Kichwa kilisomeka hivi: *Mtazamo Jumuishi wa Kimuktadha katika Kumwezesha Mzee Kuelekea Uzee Endelevu*.

Kalamu alikisoma, akakirudia. "Samahani, bosi. Uzee endelevu ndiyo uzee gani?"

"Ni uzee unaoendelea."

"Kwani upo unaosimama?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua. "Andika tu, dada yangu. Watoa mada weka mimi, wale washauri wetu wawili, na yule kijana wa mazoezi ya viungo."

Kijana wa mazoezi alikuwa na kifua kama kabati. Ukijumlisha wote wanne, hapakuwa na goti linalouma hata moja.

Jioni Kalamu alifungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula nyumbani. Kamati ya mkutano ilitaka mambo ya kawaida kabisa: mada inamhusu nani, atakayeketi kusikiliza ataondoka na nini mkononi, na je, wazee wenyewe wamo humo au wanasemewa? Mwisho, kamati iliomba mfano hai wa mzee aliyeshirikishwa katika uamuzi unaohusu maisha yake. Hapo vidole vya Kalamu vikaganda.

Mfano hai ulikuwepo, tena karibu, umekaa kwenye kochi umempa mgongo. Ila ulikuwa mfano wa upande wa pili.

Baba yake alifundisha watu udereva tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mji mzima ulimwita Mwalimu Klachi. Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake; nusu nyingine, alivyosema yeye, unaitambua mtu akikata kona. Sasa macho yalikuwa yameanza kumtupa. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na haukusaidia sana. Kwanza aligonga nguzo ya geti. Kisha siku moja akapanda ukingo wa barabara na gari, akasimama hatua chache tu kutoka kwa mama muuza mboga, ambaye aliacha mboga zake na viatu vyake akakimbia.

Kalamu na kaka yake wakafanya kikao kwa simu. Kikao kilikwenda vizuri, kwa sababu mwenye gari na mwenye macho hakualikwa. Jumapili iliyofuata kaka alikuja anatabasamu, akasema analipeleka gari kubadilisha oili. Oili hiyo haijabadilika mpaka leo.

Tangu hapo Mwalimu Klachi hakusema na binti yake. Alikuwa na staha, lakini. Alipohitaji kitu aliiambia televisheni.

"Televisheni," alisema jioni ile, "mwambie anayechapachapa hapo nyuma kwamba chai yangu haina sukari."

Kalamu akaleta sukari. Akarudi mezani, akaandika: *Mzee hapaswi kuamuliwa jambo nyuma ya mgongo wake.* Akanyanyua macho akauona ule mgongo. Akafuta sentensi. Akaiandika tena kwa maneno makubwa zaidi, ya kimuktadha, labda yasingemchoma sana. Ikazidi kumchoma. Akaifunika kompyuta.

"Baba."

"Televisheni, kuna mtu ananiita."

"Baba, tulikukosea."

Mzee alipunguza sauti ya taarifa ya habari. Alikuwa mwalimu, hakupokea jibu nusu. "Mlikosea nini?"

"Kukuchukulia gari."

"Umefeli." Aligeuka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Gari lilitakiwa kuchukuliwa. Unadhani sijui kwamba sioni? Ile nguzo ya geti niliijenga mwenyewe, halafu nikaigonga kama mgeni. Na yule mama wa mboga nilimwendea kwa miguu kumwomba radhi. Nilishaamua kuacha. Nilikuwa nachagua siku tu."

"Lakini hukutuambia."

"Nanyi hamkuuliza." Akaweka kikombe chini. "Nilitaka niliegeshe mwenyewe. Basi. Nizime injini, nivute breki ya mkono, nishuke, nifunge mlango. Watu wote niliowafundisha nimewaambia kwamba hujamaliza kuendesha mpaka umeegesha. Mimi nimekatishwa njiani na mtu aliyesema anakwenda kubadilisha oili."

Akajifuta macho, akasema ni dawa ya macho. Haukuwa wakati wa dawa. Kalamu hakumsahihisha, alikaa pembeni yake kwenye kochi, na televisheni ikapumzika na kazi ya ukalimani.

Kumpata kaka alirudishe gari kulihitaji ufundi. Kwanza lilikuwa kwa fundi, kisha fundi alisafiri, kisha ikabainika kwamba wifi yake Kalamu alikuwa ameshalizoea kwa kwenda sokoni. Hatimaye likaja, limejaa makombo ya biskuti. Jumapili wakaenda watatu, baba, binti na gari, kwenye uwanja wa shule ya udereva alikofundisha mzee. Hapakuwa na mtu.

Mwalimu Klachi alikaa kwenye usukani, akarekebisha vioo vyote ingawa hakuona kitu ndani yake. Kalamu alikaa kiti cha mwalimu.

"Kushoto kidogo, baba."

"Usinifundishe."

Alizunguka uwanja polepole, akabadilisha gia kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto shuka. Kisha akarudi kinyumenyume kuegesha katikati ya mapipa mawili. Pipa moja likalia, likaanguka, likabingirika mpaka ukutani.

"Nani kaliweka pipa pale?"

"Lilikuwepo tangu tulipofika, baba."

"Nimeuliza nani, sikuuliza tangu lini."

Kalamu alishuka akalirudisha. Mara ya pili gari liliingia katikati sawasawa, kama barua kwenye bahasha. Mzee akazima injini, akavuta breki ya mkono. Hakushuka mara moja. Mikono yake ilibaki juu ya usukani, naye akatazama mbele, pale ambapo kwake palikuwa na ukungu tu. Kisha akachomoa ufunguo akamwekea binti yake kiganjani.

"Sasa wewe unalia nini? Leseni yako si bado unayo?"

Jumatatu Kalamu alikitupa kichwa cha mada cha mkurugenzi, akaandika pendekezo upya: *Tulimchukulia Baba Gari: Namna ya Kumuuliza Mzee Kabla ya Kumwamulia*. Akasema linawahusu wauguzi, maafisa ustawi na yeyote mwenye mzazi. Akasema wataondoka na maswali ya kumuuliza mzee kabla ya kikao cha familia, na kwamba watayafanyia mazoezi mle mle ukumbini, wawili wawili. Watoa mada: binti na baba. Alimsomea baba rasimu. Baba aliikubali yote, isipokuwa pale palipoandikwa "mzee mwenye uoni hafifu". Alitaka pawe "mkufunzi mstaafu". Kisha akaanza kutaja sifa zake, na wasifu ukawa mrefu kuliko pendekezo.

Bwana Muktadha alilisoma akiwa amesimama. "Kalamu, muktadha uko wapi hapa?"

"Yuko nyumbani kwangu, bosi, anaangalia taarifa ya habari."

Asingelituma, lakini siku yenyewe ilikuwa ya mwisho na jingine hakuwa nalo. Akajiweka kuwa mwongozaji wa kikao, na ili asijione amefanya kazi bure, akaongeza neno "endelevu" mwishoni mwa kichwa.

Kamati ililikubali. Ililisifu kwa kueleweka tangu mstari wa kwanza, ikaomba jambo moja tu: neno "endelevu" liondolewe.

Ukumbi wa mkutano huo wa uzee ulikuwa wa fahari. Jukwaa lilikuwa juu, na ngazi zake hazikuwa na mahali pa kushika. Maandishi ya kwenye skrini yalikuwa madogo kama wadudu, na choo kilikuwa ghorofani. Mwalimu Klachi alifika chini ya jukwaa, akazipapasa zile ngazi kwa fimbo yake.

"Mimi huku sipandi."

"Mzee wangu," mkurugenzi alisema akiwa juu, "ni mpangilio wa ukumbi tu, katika muktadha wa—"

"Basi shuka wewe."

Bwana Muktadha akashuka, kipaza sauti mkononi, mbele ya wataalamu wote. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata.

Mzee alisimulia habari ya oili, watu wakacheka. Akasimulia habari ya kuegesha, wakaacha kucheka. Msimamia muda akanyanyua kadi nyekundu.

"Ile inasema nini?" mzee akamuuliza binti yake.

"Inasema muda umeisha."

"Muda wa nani?" Akaendelea.

Wakati wa maswali, muuguzi mmoja alisimama akasema yeye hana swali, ila alikuwa amefunga jiko la mama yake kwa siri, na mpaka sasa mama anaamini gesi imekatika nchi nzima. Alisema anaomba ruhusa atoke kupiga simu.

Siku ile ile jioni, kaka naye akapiga. Alisikika mwenye furaha. Yeye na mkewe walikuwa wameshatayarisha chumba nyuma ya nyumba yao. Baba angehamia mwisho wa mwezi. "Ila usimwambie kwanza," alisema. "Tutamwambia tunampeleka kutembea."

Kalamu aliitoa simu sikioni akaitazama.

"Subiri hapo," alisema. "Mwenyewe huyu hapa."

Akamwekea baba simu mkononi, akaenda jikoni kuinjika chai. Kaka, bila shaka, alikuwa anatafuta pa kuanzia. Kisha kutoka sebuleni ikasikika ile sauti ya kazini, sauti iliyowahi kutetemesha miguu ya mji mzima juu ya klachi:

"Haya, tulia. Anza upya, polepole. Hicho chumba dirisha lake limeelekea wapi, na nani kakwambia nakitaka?"