Jiwe ya Jiko ya Batu

Kitu gani kinatembea mbele ya mugeni na hakina miguu? Ni habari yake. Habari ya Tamar ilitoka Butembo mbele ya mwenyewe, ikapanda gari, ikafika Beni, ikaketi mu kartie ya Beu, mutaa mumoja wa kule, kumungojea.

Ilizaliwa kule Bulengera, upande mumoja wa Butembo. Tamar, binti wa Mbeya kwa Batanzania, alikuwa na wiki tatu anatembea Kongo na sac kubwa ya kijani. Sasa bamama ba Bulengera banabeba muzigo na mukaba kwenye paji la uso. Mugongo ni wa mutoto. Balipomuona amefunga ile sac mabegani, na mukaba mwingine tumboni kama soda, askari wa vita, mumoja akamuita sokoni:

"We binti, mutoto yako iko wapi? Ao ulimukunja mu hiyo sac?"

Batu bakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kukaribisha. Mutu mwenye viatu vya bei anatembea na miguu? Analala mu hema, na nyumba ziko? Anaandika majina ya vilima mu kitabu? Mu inchi yenye iliona batu banachinjwa, mutu wa namna hii hapana mutalii. Nyumba mbili za bageni zilimwambia zimejaa, na yeye aliona funguo zote zinaning'inia ukutani.

Basi akapanda gari ya Beni. Viza yake ilibakia siku mbili. Hakutaka tena kuona kilima wala mutu. Alitaka tu kufika Kasindi, avuke mupaka, arudi kwao.

Mu Beu, vijana balikuwa bamefunga kamba katikati ya njia. Sadrack, chef, mukubwa wa nyumba kumi, akamutolea mukono bila salamu.

"Paspoti. Na fungua sac."

Akamupa paspoti, akafungua. Hema ikatoka, sufuria ndogo, soksi. Chini kabisa kukatoka mawe saba yamefungwa mu karatasi.

"Njo hii!" kijana mumoja akapiga kelele. "Anapima mawe yetu! Wiki kesho bakubwa yake banakuja na mashini!"

"Ni ukumbusho tu," Tamar akasema. "Kila njia niliyopita, niliokota jiwe moja."

"Kwenu mawe hayako?" akauliza Abdias, motari aliyekaa juu ya pikipiki yake. "Mulikula yenu mukamaliza?"

Bakacheka tena. Sadrack hakucheka. Alisema atamupeleka kwa basoda, na Tamar akahesabu siku zake. Kule bureau, ofisi yao, wiki inaweza kupita mbele mutu akuulize jina. Viza itakufa, na yeye ndani.

Pembeni ya kamba, mama mumoja alikuwa anauzisha sombe, majani ya muhogo. Ni Mama Kasonia. Alikimbia kijiji chake kwenye barabara ya Kasindi, na tangu siku ile anaishi Beu mu nyumba ya kuazima. Akasimama, akasogea, akachagua jiwe moja kati ya yale saba. Lilikuwa kama ngumi, upande mumoja mweusi. Akalinusa.

"Hii ulitosha wapi? Uliokota wapi?"

"Barabara ya Kasindi, Mama. Siku niliyoingia. Pikipiki ilipata pancha pale penye mikaratusi miwili, kuna nyumba zilizoungua."

"Ulikuta inje ao ndani?"

"Ndani."

Kicheko kikaisha. Mama Kasonia akamuangalia muda murefu, kama vile mutu anaangalia nyoka na anatafuta fimbo.

"Nitakutegea kitendawili, we mwenye kusoma. Bandugu batatu banabeba mama yao juu ya kichwa, mu moto, hapana kulia. Ni banani?"

Tamar alijua. Kwao pia kipo. "Mawe ya jiko."

"Ukitosha mumoja?"

"Mama anaanguka."

"Njo weye sasa ulimuangusha. Batu balikimbia, baliacha kila kitu, balisema: siku moja tutarudi, tutawasha moto. Barudi, bakute nini? Mawe mbili?" Akanyakua paspoti mu mukono ya Sadrack, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. "Chef, huyu hapana mupelelezi. Mupelelezi ana akili. Kesho atarudisha jiwe, mimi nikiona. Akikataa, mupeleke kwa basoda bako."

"Mama, ile barabara..." Sadrack akaanza.

"Si njo barabara yake ya kurudi kwao?"

Usiku ule Tamar alilala juu ya mukeka kwa Mama Kasonia. Alipewa bugali na sombe, akala, na hakuna mutu wa nyumba aliyemusalimia.

Asubui pikipiki mbili, Abdias na Tamar, Sadrack na Mama Kasonia, zilifuata magari yenye kulindwa na basoda. Kwenye mikaratusi, Abdias akasimamisha.

"Dakika kumi. Magari hayangojake mawe."

Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Mama Kasonia alipita mbele bila kuuliza njia. Kati ya kuta nyeusi, mawe mawili madogo yalikuwa yanaangaliana.

"Jiko ya Mariette, wifi yangu," akasema. "Ile ndogo, ya uji ya mutoto. Weka."

Tamar akapiga magoti, akaweka.

"Hapana. Uso mweusi unaangalia moto."

Akageuza.

"Sogeza. Ulitosha na mukono moja, sasa mikono mbili inakushinda?"

Jasho lilimuingia mu macho. Kule barabarani, magari yalikuwa yanasikika mbali zaidi. Akachimba udongo na vidole, akashindilia. Mama Kasonia akatoa kasufuria mu kitunga chake, akakaweka juu ya yale mawe matatu, akamimina maji. Bote babili bakainama kuangalia. Maji yakasimama sawa.

"Mama, nisamehe," Tamar akasema.

"Mimi si mwenye jiko. Mwenye kukusamehe balimuulia pale unakanyaga."

Tamar akainua muguu haraka. Akatafuta pahali pengine pa kuuweka, hakupaona.

Abdias akapiga honi mara tatu. Mama Kasonia akafungua ncha ya kikwembe, akatupa paspoti juu ya nyasi.

"Okota. Hiyo njo yako."

Tamar akaiokota, akakimbia. Alipopanda pikipiki aligeuka mara moja tu. Mama Kasonia alikuwa amempa mugongo, ameinama, anang'oa majani kuzunguka jiko, moja moja, na Sadrack, kwenye pikipiki ya pili, anamuita bure.