Chai ya Ukumbi wa Pili

Jumatatu asubuhi, Daktari Kipkemboi alipoanza somo lake la Usimamizi wa Wachumaji, sakafu ya ukumbi wa pili ilipasuka kati ya viti na miche ya majani chai ikatokeza. Ilitokeza kila muhula. Wanafunzi waliinua mabegi, wakasogea kidogo, wakaendelea kuandika. Somo lilieleza jinsi ya kuwapanga wachumaji, nani ashike mstari upi, na kikapu kikaguliwe vipi. Nje ya dirisha, kwenye mashamba makubwa, mashine ndizo zilizokuwa zikichuma. Wachumaji walikuwa wamesharudishwa makwao.

Kabla ya katikati ya muhula chai ilifika kiunoni. Aliyeketi nyuma alisikia sauti tu.

Moureen Nyaberi, mhadhiri aliyeongoza kamati ya mtaala, alitaka somo hilo liondolewe na mahali pake pawekwe somo la mashine: kuiendesha, kuifungua, kuitengeneza. Alitaka lipite kabla darasa la mwanafunzi wake Chepkurui halijamaliza. Waliomtangulia Chepkurui walikuwa wamekaa nyumbani, Sigowet na Londiani, na digrii za kusimamia watu wasiokuwepo.

"Madam, hii isipopita nitasimamia nani?" Chepkurui alimuuliza. "Ng'ombe za mama?"

"Hizo ziko na msimamizi tayari," Moureen alisema. "Itapita."

Kamati ilikutana mle mle ukumbini, makoti yakinaswa na matawi. Moureen alikuja na jembe. Alisema chai ing'olewe na mizizi yake, na somo liende nayo.

Wanakamati waliangalia jembe. Wote walikuwa wamesomeshwa na chai ya nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwona mzazi wake aking'oa mche hata mmoja.

"Mwalimu, chai haing'olewi," alisema Mokaya, mkuu wa kitivo. "Chai inapogolewa."

"Ikishapogolewa inafanya nini, Mkuu?"

"Inapumzika."

"Halafu?"

Mokaya alipangusa miwani. Jibu alilijua, na wenzake pia walilijua.

Walipiga kura. Somo lilipunguzwa mada mbili na kupewa jina refu zaidi. Vibarua waliipogoa chai hadi magotini, ukumbi ukapata mwanga, na mkuu akawapongeza wote kwa mageuzi.

Mvua iliponyesha, chai ilichipua kwa nguvu kuliko zamani. Ilifunika ubao. Daktari Kipkemboi alihamia mlangoni, akafundishia hapo.

Moureen aliazima mashine mbovu ya kuchuma, akaiweka nyuma ya maktaba, na kila Jumamosi akafundisha. Darasa hilo halikutahiniwa. Chepkurui hakukosa hata siku moja, na mwishowe aliweza kuifungua mashine yote na kuirudisha ikanguruma. Lakini cheti chake kilisema Usimamizi wa Wachumaji, na waajiri walisoma cheti.

Siku ya mahafali wageni waliandaliwa chai ya ukumbi wa pili. Ilikuwa na rangi nzuri, na hakuna aliyeikataa. Chepkurui alikunywa vikombe viwili, maana kwao Sigor ni mbali.

Moureen aliacha chake mezani, akavua joho, akachukua jembe. Alianza na mche wa karibu na mlango. Mizizi yake ilikuwa imeshikana na msingi wa jengo. Alipiga, jembe likadunda. Alitema mate viganjani, akapiga tena.