Mababu Waliokataa Kila Kitu

Likizo zangu za shule ya bweni nilizipitisha katika mji wa Lukang, kwa mama mdogo Hsiu-chin, katika nyumba ambamo moshi wa ubani ulielea chini ya dari mpaka mtu akadhani kuta zinaota ndoto. Mama mdogo alipita humo polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Mumewe, baba mdogo Teng-fa, hakuwahi kumpiga. Kila asubuhi alimwambia tu, kwa upole, kwamba hana akili. Mama mdogo akitaka kutoka, sharti awaulize mababu wa ukoo wa mumewe, yaani arushe mbele ya madhabahu vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, wamekubali. Vyote kifudifudi, upande bapa ukiwa chini, wamekataa. Yeye walimkatalia siku zote.

Askari polisi mmoja wa kike alishamweleza kwamba mateso ya akili nayo ni ukatili kisheria. Mahakama ingempa amri ya ulinzi, na mume akiivunja, hilo ni kosa la jinai.

"Ngoja niwaulize kwanza," mama mdogo alijibu. Akawauliza. Wakakataa.

Mchana mmoja, baba mdogo akiwa kazini na mimi nimeishiwa dhambi za kutenda, nilipiga magoti kwa heshima zote nikawauliza mababu kama wamekufa.

Wakakana.

"Wewe mtoto, utalaaniwa," mama mdogo alisema kutoka jikoni.

"Wanasema wako hai, mama mdogo. Tena nimewauliza kama Teng-fa ni mjukuu wao, wamekataa."

Akaja akifuta mikono. Akavipima vile vipande kiganjani, kisha akachukua kisu na kubandua upande ulio bapa. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, madini yale mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu. Uzito huo ndio ulioviangusha kifudifudi kila mara.

Aliketi sakafuni.

"Miaka yote hii nilidhani hawanipendi," alisema. Halafu, "Viatu vyangu viko wapi?"

"Amevifungia kabatini."

"Basi niazime vyako."

Akaenda mahakamani na viatu vyangu vya shule, moshi ukimfuata hadi mlangoni.

Amri ilimtoa baba mdogo nyumbani na kumkataza kumsogelea mkewe. Wiki ileile akarudi, akasimama nje kwenye ukungu.

"Hsiu-chin, umechanganyikiwa, mke wangu. Fungua."

Mama mdogo alipiga simu polisi kwa sauti ya mtu anayeagiza tambi. Walipofika, baba mdogo alikuwa bado anaueleza mlango jinsi mkewe alivyo mwendawazimu.